SOMO: Jinsi ya kuanzisha ibada ya familia nyumbani (soma yote kabla ya kuuliza)

Kila Jumapili kuna mtu ananishika mkono nje ya kanisa na kuniuliza sisi hufanyaje na watoto nyumbani. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Chagueni saa moja na mwishikilie. Sisi ni saa moja na nusu jioni, kabla ya chakula, kwa sababu wakishiba wanasinzia. Nikikwama kwenye jamu ya Outer Ring, mama yao anaanza bila mimi.

Hatua ya 2. Zimeni runinga na simu, pamoja na ya baba.

Hatua ya 3. Kila aliye nyumbani aketi, dada wa kazi pia. Sufuria itasubiri.

Hatua ya 4. Someni kifungu kifupi. Anzeni na Injili ya Marko, ina sura 16 tu na mambo yake yanakwenda mbio. Yesu akituliza dhoruba (4:35-41) ni mistari saba, inatosha jioni nzima. Anayejua kusoma asome, hata akikwamakwama.

Hatua ya 5. Uliza swali moja: kwa nini Yesu alikuwa amelala? Kisha nyamaza uwasikilize.

Hatua ya 6. Maombi. Hapa niliharibu. Mwanangu alikuwa darasa la nne, na siku hiyo nilikuwa nimeitwa shuleni kwa sababu ya uongo aliosema. Jioni nikafumba macho nikaomba, "Bwana, mguse mtoto huyu aache uongo, mwondolee kiburi." Nilitaja kosa moja baada ya jingine, dada zake wakisikia. Kwa miezi mitatu hivi hakuomba tena. Zamu yake ikifika anasema "Amina" na kuinamisha kichwa. Mke wangu ndiye aliyenifungulia Waefeso 6:4, "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu." Nilimwomba mtoto msamaha palepale sebuleni mbele ya wote, maana nilimwaibisha mbele ya wote.

Onyo: kosa la mtoto lizungumzwe kando, saa nyingine. Onyo tena: Biblia isiwe adhabu. Ukimwambia akariri Zaburi 119 kwa sababu amepiga kelele, atakumbuka adhabu, Zaburi ataisahau. Na asiyetaka kuomba kwa sauti, mwache.

Hatua ya 7. Wimbo mmoja, kisha chakula. Yote dakika 15.

MASWALI

Msomaji, Kahawa West: Inachukua muda gani?
Jibu: Hatua ya 7.

Baba wa watatu, Umoja: Hiyo hatua ya 6 si ni kulea mtoto kama yai? Wangu wasipokemewa wanacheka tu.
Jibu: Sijasema usimrudi mtoto. Nimesema usimrudi ukiwa umefumba macho unaongea na Mungu. Isome tena, kaka.

Mama wa wawili, Kayole: Mume wangu haendi kanisani. Hapingi, ila tukianza anatoka nje. Naweza kuongoza mimi?
Jibu: Unaweza kabisa, dada yangu. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani (Matendo 16:1), na Paulo akiitaja imani ya kijana huyo anasema ilikaa kwanza ndani ya nyanya yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Ila usimwombee mumeo kwa sauti mbele ya watoto, watamwona kama mtu mbaya. Mwombee ukiwa peke yako. Kiti chake kiacheni wazi, na mlango msifunge, asikie wakiimba.

Mlinzi wa usiku, Embakasi: Nafika nyumbani asubuhi wakienda shule. Jioni mimi sipo.
Jibu: Swali zuri sana. Kumbukumbu la Torati 6:7, inayosema tuwafundishe watoto maneno ya Mungu, inataja pia "utembeapo njiani". Wasindikize hadi stejini na mstari mmoja. Mithali ina sura 31, kwa hiyo tarehe ya leo ndiyo sura ya leo. Chagua mstari ukiwa zamu.

Msomaji, Kahawa West: Sasa tuanze na kitabu gani?
Jibu: Hatua ya 4, ndugu.

Nyanya, Uthiru: Wajukuu wangu hawajui Kikuyu. Likizoni nawasomea Zaburi 23 kwa Kikuyu, nao wananirudishia kwa Kiswahili. Mdogo sasa anajua mũrĩithi ni mchungaji.
Jibu: Asante sana, cũcũ. Mwisho wa mwezi tunakwenda kwa mama yangu Murang'a. Nitamwomba atusomee yeye.