Kutoka gramu hadi moli: somo zima ndani ya pakiti moja ya ORS

Chukua pakiti ya ORS ya lita moja, ile ya kuharisha inayotolewa zahanati na kuuzwa kila duka la dawa, ugeuze usome maandishi madogo ya nyuma. Kloridi ya sodiamu gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5, sitrati ya sodiamu gramu 2.9. Jumla gramu 20.5. Ndiyo fomula ambayo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaipendekeza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Ukiziangalia hizo gramu huoni mpango wowote. Kwa nini glukosi ni 13.5 na si 10? Kwa nini chumvi ni 2.6? Nafundisha kemia kidato cha tatu hapa Morogoro, na swali hilo huwa nawauliza wanafunzi kabla sijaandika neno moli ubaoni. Darasa hunyamaza. Tukishapiga hesabu, pakiti ileile inaanza kusomeka, na nataka ikusomekee na wewe.

Moli ni nini hasa

Katika mmenyuko wa kikemia kinachojalisha ni idadi ya chembe: atomu ngapi zimekutana na ngapi. Lakini mizani ya maabara haihesabu, inapima uzito tu. Fundi akienda duka la vifaa vya ujenzi anapimiwa misumari kwa kilo, hakuna anayeihesabu mmoja mmoja. Kilo ya misumari ya inchi nne ina michache, kilo ya misumari ya inchi moja na nusu ina mingi, na fundi mzoefu anajua kila saizi kilo yake inabeba mingapi. Kujua uzito wa idadi fulani ya chembe za kila kitu, hilo ndilo jambo lote.

Idadi hiyo ni 6.02214076 × 10²³. Chembe hizo zikikusanyika, ziwe atomu, molekuli au ioni (chembe zenye chaji ya umeme), tunaziita moli moja. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa rasmi na haina desimali nyingine nyuma yake. Kabla ya hapo moli ilifafanuliwa kwa gramu 12 za kaboni-12. Amedeo Avogadro, Mwitalia aliyesema mwaka 1811 kwamba gesi za ujazo sawa, katika joto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli, hakuwahi kuijua namba inayobeba jina lake. Ni Mfaransa Jean Perrin aliyeipa jina hilo mwaka 1909. Kwenye hesabu zako za shule, 6.02 × 10²³ inatosha.

Masi ya moli

Masi ya moli ni gramu za moli moja ya kitu. Unaipata kwenye jedwali la elementi: chukua masi ya atomu, iandikie "gramu kwa moli" mbele yake, umemaliza. Haidrojeni 1, kaboni 12, nitrojeni 14, oksijeni 16, sodiamu 23, salfa 32, klorini 35.5, potasiamu 39. Mtihani wa NECTA huzitoa namba hizi kwenye karatasi, kwa hiyo usiku wako utumie kufanya maswali, usiutumie kuzikariri.

Kampaundi ni kujumlisha. Chumvi, NaCl, ni 23 + 35.5 = 58.5. Kloridi ya potasiamu, KCl, ni 39 + 35.5 = 74.5. Glukosi, C₆H₁₂O₆, ni kaboni sita (72), haidrojeni kumi na mbili (12) na oksijeni sita (96), jumla 180.

Sitrati iendee taratibu. Fomula yake ni Na₃C₆H₅O₇·2H₂O. Sodiamu tatu ni 69, kaboni sita 72, haidrojeni tano 5, oksijeni saba 112. Hapo umefika 258. Kisha kuna ile nukta ya katikati. Wapo wanaoiona wakadhani ni alama ya kuzidisha, na wapo wanaokata fomula hapohapo kana kwamba maji hayawahusu. Nukta hiyo inasema kwamba kila kipande cha sitrati kimefungwa pamoja na molekuli mbili za maji ndani ya fuwele. Unga unaonekana mkavu kabisa, lakini maji yamo, na ukiuweka kwenye mizani yanapimwa pamoja nao. Kwa hiyo ongeza 2 × 18 = 36. Jumla ni 294.

Sasa badilisha

Shule nyingi hufundisha pembetatu: masi juu, moli na masi ya moli chini, unafunika unachokitafuta. Siipendi, na darasani kwangu siichori. Inamsaidia mwanafunzi kwenye swali la hatua moja tu. Swali likija na miligramu, au likiwa na hatua mbili, anabaki ameshika pembetatu na hajui aanzie wapi. Kinachookoa ni kuandika kipimo mbele ya kila namba na kuviacha vipimo vikuongoze.

Una gramu 2.6 za chumvi. Masi ya moli ni gramu 58.5 kwa moli. Ukigawanya, gramu inakatana na gramu, inabaki moli: 0.0444. Ukizidisha unapata 152.1 "gramu za mraba kwa moli", kitu ambacho hakipo duniani, na hapo unajua umepotea kabla mwalimu hajakuambia. Fanya hivyo kwa zote nne:

Kloridi ya sodiamu: 2.6 ÷ 58.5 = moli 0.0444
Glukosi: 13.5 ÷ 180 = moli 0.0750
Kloridi ya potasiamu: 1.5 ÷ 74.5 = moli 0.0201
Sitrati ya sodiamu: 2.9 ÷ 294 = moli 0.00986

Namba ndogo kama hizi zinachosha macho, ndiyo maana watu wa hospitali hutumia milimoli, yaani sehemu moja ya elfu ya moli. Zidisha kwa 1000: 44.4, 75.0, 20.1 na 9.9. Usikadirie mapema. Ukiifanya 0.0444 kuwa 0.04 katikati ya njia, jibu la mwisho litakuwa limeshaharibika.

Chumvi ikiingia majini haikai kama NaCl; inaachana kuwa ioni za sodiamu na za kloridi. Sitrati nayo kila moja inaachia sodiamu tatu. Kwa hiyo sodiamu yote kwenye lita ni 44.4 + (3 × 9.86), yaani 74.0. Kloridi ni 44.4 + 20.1, yaani 64.5. Shirika la Afya Duniani linaandika hivi kwa lita: sodiamu 75, kloridi 65, glukosi 75, potasiamu 20, sitrati 10, jumla milimoli 245. Tofauti yetu ya milimoli moja kwenye sodiamu inatokana na gramu za pakiti, ambazo zimekadiriwa hadi nafasi moja ya desimali.

Tazama sodiamu na glukosi. 75 kwa 75. Kwa gramu huwezi kuuona usawa huo, maana sodiamu yenyewe peke yake ni gramu 1.7 hivi na glukosi ni 13.5. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji yanafuata nyuma yake. Hata kipindupindu kikiwa kimepamba moto, njia hiyo inaendelea kufanya kazi. Utumbo unashughulika na chembe, haujui gramu, na waliotunga fomula walipanga chembe kwanza kisha ndipo wakageuza kuwa gramu ili mizani ya kiwandani iweze kuzipima.

Hata ile jumla ya 245 ina maana yake. Fomula ya zamani ilikuwa na 311. Osmosisi, yaani maji kupenya ukuta wa utumbo kuelekea kwenye chembe nyingi zaidi, hufuata wingi wa chembe zilizoyeyuka, na myeyusho wenye chembe chache ulionekana kupunguza kuharisha, kutapika na haja ya kuwekewa dripu.

Ukitaka kujua ni ioni ngapi za sodiamu ziko kwenye lita hiyo, zidisha: moli 0.075 × 6.02 × 10²³ = 4.5 × 10²². Gramu kwenda chembe hupitia moli, chembe kwenda gramu hupitia moli. Njia ya mkato haipo.

Vijiko sita vya sukari

Mama zetu wengi walifundishwa kliniki kwamba pakiti isipopatikana, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Kwa nini sita? Sukari ya dukani si glukosi. Ni sukrosi, C₁₂H₂₂O₁₁, na masi yake ya moli ni 144 + 22 + 176 = 342. Ikifika utumboni kila molekuli inavunjwa kuwa glukosi moja na fruktosi moja. Ukiweka gramu 13.5 za sukari kwa kufuata namba ya pakiti, unapata 13.5 ÷ 342, yaani milimoli 39 tu za glukosi. Ili ufikishe 75 rudi kinyumenyume: moli 0.075 × gramu 342 kwa moli = gramu 25.7. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba kama gramu 4 na kidogo za sukari. Sita vinafika 25.

Mchanganyiko huo wa nyumbani hauna potasiamu wala sitrati, kwa hiyo pakiti ikipatikana tumia pakiti. Na chumvi isizidi, kwa mtoto ni hatari.

Kutoka moli kurudi gramu, maabara

Swali la kawaida la praktiko: tengeneza sentimita za ujazo 250 za NaOH yenye moli 0.1 kwa lita. Wanafunzi hukimbilia mizani. Kaa kwanza na kalamu. 250 ni lita 0.25. Moli 0.1 kwa lita × lita 0.25 = moli 0.025. Masi ya moli ya NaOH ni 23 + 16 + 1 = 40. Moli 0.025 × gramu 40 kwa moli = gramu 1.0.

Sasa nenda kwenye mizani, na uende haraka. NaOH, ndiyo kostiki soda ya watengeneza sabuni, ni punje nyeupe ngumu, lakini zikikaa hewani zinavuta unyevu. Utaziona ziking'aa, kisha zinaanza kushikamana na kioo, na namba ya mwisho kwenye mizani inapanda yenyewe ilhali hujaongeza kitu. Hayo ni maji, na hesabu yako ya 40 haikuyaweka. Funika chupa mara moja, usishike punje kwa vidole, ziyeyushe kwenye bika lenye maji ukikoroga (bika litapata moto), subiri lipoe, mimina kwenye chupa yenye shingo nyembamba, suuza bika na maji ya kusuuzia yaingie humohumo, ndipo ujaze maji yaliyokenekwa hadi kwenye alama. Anayejaza maji 250 kamili juu ya punje anapata ujazo tofauti na alioukusudia.

Gesi nazipita haraka. Moli moja ya gesi yoyote katika joto la nyuzi 0 na kanieneo ya kawaida inachukua lita 22.4, kwa hiyo badala ya kugawanya kwa masi ya moli unagawanya lita ulizonazo kwa 22.4. Angalia tu kwamba gesi ya oksijeni ni O₂, gramu 32 kwa moli. Swali likisema "moli 2 za oksijeni", kwanza jiulize ni za atomu au za molekuli.

Mazoezi ya mfuko wa mbolea

Mfuko wa urea umeandikwa nitrojeni asilimia 46. Hakiki mwenyewe. Fomula ni CO(NH₂)₂. Kilicho ndani ya mabano chote kinazidishwa kwa mbili: nitrojeni 28, haidrojeni 4, kisha kaboni 12 na oksijeni 16. Jumla 60. 28 ÷ 60 ni asilimia 46.7 kwa urea safi kabisa, na mfuko wa kilo 50 wenye asilimia 46 unampa mkulima kilo 23 za nitrojeni.

Kisha ufanye mwenyewe mbolea ya SA (salfeti ya amonia), (NH₄)₂SO₄, ambayo mfuko wake husema asilimia 21. Masi ya moli ikitoka 132 na nitrojeni asilimia 21.2, umepatia. Ikitoka 118, umeizidisha haidrojeni kwa mbili na nitrojeni ukaiacha moja; rudi kwenye mabano uanze upya.