Yadi ya magari na mashine chakavu: kumwaga, kutenganisha na kuhifadhi

Yadi nyingi za vyuma chakavu hupoteza fedha kabla mnunuzi hajafika. Gari huvutwa, huegeshwa juu ya udongo, kisha vibarua hufungua kinachouzika leo: alteneta, stata, taa, milango. Linalobaki huachwa likivuja. Masika yakipita, injini imekamata, oili imeingia ardhini, na alumini imelundikwa pamoja na chuma hadi mnunuzi anailipa kwa bei ya chuma. Maelekezo haya ni ya yadi ndogo inayopokea magari, jenereta, pampu na mashine za karakana.

Sakafu ya kumwagia

Anza na sakafu moja ya zege. Mita 4 kwa 6 zinatosha gari dogo na nafasi ya kuzunguka pande zote; unene uwe sentimita 15, kwa sababu winchi au forklifti itapita juu yake. Ipe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mfereji mmoja, na mfereji uishie kwenye shimo la vyumba vitatu la kutenganisha oili. Oili huelea juu ya maji, kwa hiyo matundu ya kutoka chumba kimoja hadi kingine huwekwa chini, kama sentimita 25 juu ya sakafu ya shimo: mchanga unabaki, maji yanapita, oili inasubiri juu kuchotwa. Fundi ujenzi asiyeelezwa hili huweka matundu juu, na hapo umelipia shimo la kupeleka oili mtaroni. Ezeka sehemu hii yote. Mvua ikijaza shimo, oili yote uliyoikusanya inafurika nje.

Mpangilio wa kumwaga

Betri hutangulia. Fungua waya wa hasi kwanza, kwa sababu spana ikigusa bodi wakati chanya bado imefungwa na hasi imeshatoka, hakuna cheche. Ukianza na chanya, spana hiyo hiyo ikigusa bodi inapiga shoti. Subiri dakika 10 kabla ya kugusa usukani au dashibodi, maana mfumo wa mifuko ya hewa hubaki na umeme kwa muda baada ya betri kutoka. Mfuko ambao haujafumuka ukishafunguliwa, ulaze upande wa mto ukiangalia juu. Ukilazwa kifudifudi na ukafumuka, chuma chake kinaruka.

Betri zote ziwekwe wima juu ya ubao, ndani ya trei ya plastiki, chini ya paa. Usipasue betri kutafuta madini ya risasi, wala usimuuzie anayeyeyusha uani kwake. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliathiriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Vumbi la risasi huumiza ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo mno, na vibarua hulibeba hadi nyumbani kwenye nguo.

Baada ya betri ni petroli. Tumia pampu ya mkono na mpira. Usinyonye kwa mdomo, usitoboe tangi kwa tindo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, hujaa kwenye mashimo na mifereji, na unaweza kuifuata grenda iliyo mbali na gari. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake mvuke umechanganyika na hewa. Kabla ya kulikata, lijaze maji.

Gesi ya AC, kwa kawaida gramu 400 hadi 700 kwa gari dogo, itolewe na fundi mwenye mashine ya kunyonya. Kukata bomba ni kupoteza gesi inayouzika, na ikikurukia mkononi inagandisha ngozi.

Kisha oili. Injini ya lita 1.3 hadi 2 hutoa lita 3.5 mpaka 5. Giaboksi ya automatiki hutoa lita 3 au 4 kupitia nati ya chini, nyingine hubaki kwenye konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi. Fungua na difu, yaani gia za ekseli. Iache itone nusu saa, na filta itobolewe, igeuzwe, ikae usiku kucha. Maji ya rejeta, lita 5 hadi 7, yapate pipa lake. Yana utamu, na mbwa, mbuzi au mtoto akiyanywa figo zinaharibika. Mafuta ya breki nayo dumu lake. Ni rahisi kuviona vyote hivi kuwa uchafu wa aina moja, lakini mnunuzi wa oili chafu hupima maji kwanza: pipa lililomwagiwa lita chache za rejeta hulikataa zima.

Kukata

Gesi ya kukatia haikaribii kitu chochote kilichofungwa pande zote. Shokapu za gesi, mitungi ya kufungulia boneti, silinda za haidroliki, mapipa yenye vifuniko: moto ukipasha kilichomo ndani, kinapasuka. Toboa tundu kwanza kwa drili ya taratibu, ukivaa miwani, na usisimame mbele ya tundu. Jenereta na transfoma kuukuu zinahitaji tahadhari zaidi, kwani transfoma za kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na mafuta yenye PCB, sumu isiyooza. Usifungue, usimwage, na usimpe mtu mafuta hayo kwa matumizi yoyote, hata akisema ni ya kupaka mbao.

Kutenganisha

Sumaku ndogo mfukoni inamaliza nusu ya kazi. Ikinasa ni chuma. Isiponasa ni alumini, shaba, shaba nyeupe, risasi, au chuma kisichoshika kutu. Uzito unamaliza nusu ya pili, kwa sababu kwa ujazo ule ule shaba ni zaidi ya mara tatu ya alumini. Kwa vyuma vyenyewe, gusa kwa grenda: chuma cha pua, yaani feleji ya kawaida, hutoa cheche ndefu nyeupe zenye matawi, chuma cha kutupwa kama ngoma za breki hutoa fupi nyekundu.

Bei hupotea kwenye vidogo. Kichwa cha injini cha alumini chenye bolti na valvu hushushwa daraja, zing'oe. Nyaya za shaba usizichome. Moshi wa plastiki yake una sumu, na shaba inatoka nyeusi na kulipwa kama daraja la chini. Chuna nyaya nene kwa kisu, nyembamba uza na ganda lake. Katalisti ya ekzosi, kopo linalosafisha moshi, iuzwe nzima, kwa kusoma namba iliyogongwa kwenye ganda. Ukiivunja, sehemu ya platinamu na paladiamu inapeperuka na vumbi.

Vinavyosubiri mteja

Injini inayotarajiwa kuuzwa kama spea ing'olewe na waya zake, ikae juu ya ubao au tairi, na iwekwe paa. Fungua plagi, mimina kijiko cha oili safi kila silinda, zungusha kranki mara mbili kwa mkono, rudisha plagi. Ziba matundu ya hewa, ekzosi na maji kwa plastiki na tepu. Matambara hunyonya unyevu na huvutia panya. Rudia kuzungusha kila mwezi. Andika kwa rangi juu ya chuma: aina ya gari, namba ya chesisi, tarehe. Karatasi haidumu.

Tairi ziwe chini ya turubai au paa kila siku. Mbu wa dengue hutaga kwenye maji kidogo yaliyobaki ndani ya tairi, na mayai yake huvumilia miezi ya ukavu. Dar es Salaam ilipata mlipuko mwaka 2014 na tena 2019. Bila paa, toboa matundu mawili makubwa upande wa chini.

Daftari

Kila kinachoingia kiandikwe: jina na kitambulisho cha muuzaji, uzito, namba ya chesisi, nakala ya kadi ya gari. Kenya, Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inadai leseni na kumbukumbu. Tanzania, fuatilia kibali cha mamlaka ya taifa ya mazingira (NEMC) kabla ya kukodi eneo. Mwezi Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, na hata wenye leseni walifunga hadi Mei. Mifuniko ya mashimo ya barabarani, vipande vya reli, vyuma vya kingo za barabara, nyaya za umeme zilizokatwa: hata vikiletwa na mteja wa siku nyingi kwa nusu bei, virudi vilikotoka, na namba ya gari lililovileta iandikwe.