Mbu wa mikokoni: fuata bamvua ujue wanakozaliana

Huku kwetu Mikindani mpaka Lindi mbu wakizidi lawama zote zinaenda kwa mikoko, wengine wanashika panga kabisa wafyeke. Jamani tusifanye hivyo. Pale ambapo maji ya bahari yanaingia na kutoka kila siku mbu hana nafasi, maji yanamsomba na samaki wadogo wanamla. Shida iko juu kidogo, pale maji yanapofika siku za bamvua tu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Piga hesabu: kutoka bamvua moja mpaka nyingine ni kama siku 14 au 15, na mbu kwa joto letu hili anatoka yai mpaka kuruka siku 7 mpaka 14, kwa hiyo dimbwi lililoachwa na bamvua linamtosha kabisa. Na yupo mbu wa malaria, Anopheles merus, maji ya chumvichumvi ndo kwao.

Sasa subiri siku nne tano baada ya bamvua, nenda asubuhi maji yakiwa yametoka, beba bakuli jeupe la plastiki. Anzia pale mikoko inapoishia, alafu mashamba ya chumvi yaliyoachwa, hasa mvua ikishapunguza ukali wa chumvi, na nyayo za ng'ombe usizidharau, mimi unyayo mmoja tu nilishachota viluwiluwi (watoto wa mbu) zaidi ya kumi. Chutama jua likiwa mbele yako, maana kivuli kikigusa maji wanazama wote unaondoka ukisema hamna kitu. Zamisha mdomo wa bakuli kwa ulalo, maji yaingie yenyewe taratibu, tulia kama dakika moja. Kiluwiluwi kikilala bapa juu ya maji kama kijiti, huyo wa malaria. Kikining'inia kichwa chini mkia juu ni kuleksi au aedesi. Kuleksi ndo wa matende na mabusha, anapenda maji machafu, kwa hiyo kagua mitaro na mashimo ya vyoo. Aedesi anakaa kwenye vifuu na matairi nyumbani, ndo anayeleta dengi na chikungunya (ugonjwa uliojulikana hukuhuku uwanda wa Makonde mwaka 1952, hata jina ni la Kimakonde), vimwage kila wiki.

Dimbwi dogo fukia. Kubwa liunganisheni na mkondo kwa mfereji maji yapate kuingia na kutoka na samaki wafike, ila ongeeni kwanza na serikali ya kijiji na watu wa misitu, mikoko ni hifadhi na mizizi yake isikatwe. Likishindikana muulizeni afisa afya ile dawa ya bakteria ya kuua viluwiluwi inayotengenezwa Kibaha, haidhuru samaki wala kaa. Oili chafu msimwage kabisa, kitoweo chetu kinatoka humohumo.

Bamvua inayofuata ikipita rudi palepale na bakuli lako, ukikuta viluwiluwi tena ujue mfereji umeziba, uzibueni.