Kabla Hamjahamia Maskati na Watoto: Mambo ya Kuzingatia

Kinachowaponza wengi wanaohamia Oman kutoka kwetu ni ule ujirani. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam haimalizi saa sita, saa za kule zimetutangulia kwa saa moja tu, soketi za ukutani ni zile zile za matundu matatu tulizozoea, na nyama inayochomwa jioni kando ya barabara inaitwa mishkaki. Mwamkie bibi mmoja pale soko la Mutrah, na huenda akakujibu, "Marahaba mwanangu. Wa wapi nyie, Bara au Unguja?" Familia nyingi za Oman zina mizizi Zanzibar, wapo waliorudi baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Basi mtu anafunga mizigo kama anakwenda kwa shangazi. Kumbe yanayotawala maisha ya familia kule ni karatasi, jua na gari, na hayo matatu hayajui Kiswahili.

Karatasi zishughulikiwe kwanza, maana ndizo zinazokula muda na haziharakishwi kwa kubembeleza. Mwajiri ndiye mdhamini wa mfanyakazi, kisha mfanyakazi ndiye anayewaombea mwenzi wake na watoto viza ya familia. Hapo cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinatakiwa viwe na mihuri ya uthibitisho, ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yenu na ya ubalozi wa Oman. Tangazo la kuzaliwa la hospitali halitoshi. Kwa Tanzania Bara hakikisha una cheti chenyewe cha RITA. Tena kaeni chini muangalie majina, herufi kwa herufi. Mtoto anaandikwa Mwanaisha kwenye cheti na Mwana Aisha kwenye pasipoti, nyumbani hakuna anayejali, lakini ofisini kule hao ni watu wawili. Kurekebisha jina mkiwa bado nyumbani ni usumbufu wa siku kadhaa. Kulirekebisha mkiwa ng'ambo ni kumtuma mjomba kwa foleni ambayo hakuiomba.

Muulize mwajiri kwa maandishi, kabla ya kusaini mkataba, kama mshahara wako unaruhusu kuleta familia. Kipo kima cha chini na serikali huwa inakibadilisha, kwa hiyo usitegemee alichokuambia rafiki aliyehamia zamani. Uliza pia nani analipa tiketi za watoto, bima ya afya ya familia nzima, na ada ya shule. Mikataba mingi inamtaja mfanyakazi peke yake, na ada ya watoto wawili inaweza kumeza ile nyongeza ya mshahara iliyowahamisha. Wakubwa hupimwa afya, damu na picha ya kifua, ndipo wapate kadi ya ukaazi. Mwenzi aliyeingia kwa viza ya familia haruhusiwi kufanya kazi mpaka hadhi yake ibadilishwe, hata kama ni nesi mwenye uzoefu wa miaka. Jambo hili lizungumzwe nyumbani mapema, maana nimeona ndoa zikitikisika kwa sababu yake kuliko kwa sababu ya joto. Na tafadhali, msimpitishe dada wa kazi kwa viza ya matembezi kwa matumaini kwamba mambo yatajipanga. Kama mnamhitaji, awe na kibali na mkataba wake kuanzia siku ya kwanza.

Dawa nazo zina sheria zake. Vidonge vya maumivu vyenye kodeini, na tramadoli, vinadhibitiwa vikali kote Ghuba. Dawa yoyote ya kutumia mara kwa mara ibaki kwenye pakiti yake, pamoja na cheti cha daktari kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe kwenye mkoba wa mkononi.

Kwenye shule, kalenda ndiyo inayoumiza. Shule za serikali zinafundisha kwa Kiarabu, kwa hiyo wageni wengi huwapeleka watoto shule binafsi. Zile zenye mtaala wa Kihindi ndizo zenye ada nafuu, na mwaka wao unaanza Aprili. Zenye mtaala wa Kiingereza huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba. Mtoto wetu anamaliza darasa Desemba. Mkimhamisha Januari mtaangukia katikati ya mwaka wa shule zote, na nafasi ni za kubahatisha. Andikieni shule miezi kadhaa kabla, mwombe nafasi mkiwa bado nyumbani, na mje na barua ya uhamisho iliyopigwa muhuri pamoja na ripoti za miaka ya karibuni. Barua hiyo ya uhamisho ndiyo watu huisahau, na ndiyo shule za Kihindi huiulizia kwanza.

Fedha hazina fumbo kubwa. Rial moja ni baisa 1,000, na tangu 1986 thamani yake imefungwa kwenye dola, kidogo zaidi ya dola 2.6 kwa rial moja. Bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta: 1.500 ni rial moja na nusu, wala si elfu moja na mia tano. Kodi ya nyumba mara nyingi hulipwa kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele, kwa hiyo akaunti ya benki na kitabu cha hundi vinatangulia nyumba nzuri. Unapokagua nyumba, usiangalie vigae. Washa kila kiyoyozi, kiache dakika kumi, usikilize kinavyonguruma, kisha uulize bili ya umeme ya Julai ilikuwa kiasi gani.

Kuanzia Mei mpaka Septemba, Maskati si mji wa mchana. Joto hupita nyuzi 40, na kwa kuwa mji uko ufukweni unyevu unafanya hata saa nne za usiku zikubandike shati mgongoni. Serikali yenyewe inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Kwa familia maana yake ni kwamba mwaka unapinduka. Novemba hadi Machi ndiyo miezi ya kupiga kambi, kupanda milima na kulala ufukweni. Kiangazi ni cha maduka makubwa, mabwawa ya kuogelea na bustani baada ya magharibi. Ajabu ni kwamba familia nyingi hufika Agosti ili ziwahi shule, watoto wanakaa ndani wiki zote za mwanzo, na wanaamua kwamba nchi ni mbaya kabla hawajaiona. Kama watoto hawajafikia umri wa shule, baba au mama mwenye kazi atangulie, wengine wafuate Novemba. Na pakieni masweta. Viyoyozi vya madukani na madarasani vina baridi ya Iringa.

Likizo ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, tangu Mei 2013. Jumapili ni siku ya kazi, kwa hiyo simu za nyumbani za Jumapili mchana zitawakuta ofisini. Wakristo wanaabudu kwenye maeneo yaliyotengwa Ruwi na Ghala, na ibada zenye watu wengi huangukia Ijumaa. Ijumaa asubuhi maduka mengi yamefungwa mpaka baada ya swala. Mwezi wa Ramadhani, ambao huwahi kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka, hakuna kula wala kunywa hadharani mchana, awe Mwislamu au asiwe. Watoto wadogo walishwe nyumbani, au ndani ya jengo pasipo macho ya watu. Jioni za Ramadhani, kwa upande mwingine, ndizo tamu kuliko zote kwa matembezi. Simu za sauti na video za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa kwa muda mrefu nchini humo. Mwelezeni bibi mapema, asije akadhani mmemsusa, na mpange njia nyingine ya kuonana.

Mabasi ya Mwasalat yapo na teksi zipo, lakini mji umejinyoosha makumi ya kilomita kati ya milima na bahari, na familia isiyo na gari inaona mtaa wake tu. Kule wanaendesha upande wa kulia. Leseni zetu hazibadilishwi moja kwa moja kama za Ulaya. Mkazi kutoka Afrika Mashariki hujifunza upya na kupimwa. Mtihani wa kwanza una sifa yake: mapipa yamepangwa kuunda nafasi finyu, unatakiwa uingie kinyumenyume bila kugusa hata moja, huku mwalimu aliyekufundisha akikutazama kwa mbali akiwa amekunja mikono. Halafu kuna mtihani wa mlima, gari lisimame kwenye mwinuko na liondoke bila kurudi nyuma, kisha barabarani na polisi pembeni yako. Madereva wa miaka ishirini huanguka kwenye mapipa. Baba na mama waanze masomo wakati mmoja, la sivyo mmoja atakuwa abiria kwa miezi. Kamera za mwendo ziko kila mahali, kupita taa nyekundu kunaweza kukulaza mahabusu, watoto wadogo wanatakiwa kukaa kwenye viti vyao, na nje ya mji usiku ngamia huvuka barabara bila kuwasha taa. Hata gari chafu mno linaweza kukutoza faini. Mimi hiyo naiunga mkono.

Sasa matembezi. Anzeni karibu: Mutrah jioni, mkitembea kando ya bandari kisha kuingia sokoni kwenye harufu ya ubani, na ufuo wa Qurum ambako watoto hucheza mpira hadi usiku. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, unapokea wasio Waislamu Jumamosi hadi Alhamisi, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Wanawake wafunike nywele, mikono na miguu. Kanga mbili na gauni refu la mikono mirefu zinatosha kabisa. Ijumaa moja jitahidini mfike Nizwa alfajiri, mwendo wa saa moja na nusu hivi, kwa mnada wa mifugo. Wauzaji wanawazungusha mbuzi kwenye duara, wanunuzi wamesimama katikati na pembeni, bei zinatajwa kwa sauti, na mtoto aliyekulia mjini anaweza kusukumwa na beberu kama hamkumshika mkono. Saa tatu kumekwisha.

Mlima wa Jebel Akhdar, kwenye uwanda wa Sayq ulio kama mita 2,000 juu ya bahari, ndiyo kimbilio wakati mji unachoma. Polisi wa kizuizi cha Birkat al Mouz hawaruhusu gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne, kwa hiyo msifike na gari dogo la mkopo mkarudishwa na watoto wakilia. Mawaridi huchanua kati ya mwisho wa Machi na Mei, makomamanga huiva mwishoni mwa kiangazi.

Mabonde, yaani wadi, yanahitaji tahadhari kuliko yote. Wadi Shab, karibu na Tiwi, mnavushwa kwa boti ndogo, kisha mnatembea kwenye mawe kama dakika arobaini na tano hadi kwenye madimbwi ya kijani mnamoogelea mpaka pangoni. Ni pazuri mno, na si pa mtoto asiyejua kuogelea. Wenye watoto wadogo waishie Bimmah, kwenye shimo la maji lenye ngazi, njia hiyo hiyo ya kwenda mji wa Sur. Vaeni viatu vya raba vinavyoshika mawe, na muogelee na fulana na kaptura ndefu, kwa sababu pale ni kijijini kwa watu.

Lakini angalieni utabiri wa hali ya hewa kabla ya kutoka, tena wa milimani, wala si wa pale mlipo. Mvua inanyesha juu, ninyi mko chini kwenye jua, na maji yanakuja kama ukuta. Aprili 2024 mafuriko kama hayo yaliua watu kadhaa, wakiwemo wanafunzi waliosombwa wakiwa ndani ya gari huko Samad al Shan. Penye kivuko cha wadi mtaona nguzo zenye rangi za kuonyesha kina cha maji. Maji yakiwa yanatembea, hata ya kufika kifundo, geuzeni gari. Kuvuka kwa makusudi ni kosa la kisheria, na mwenyeji akiwapita na Land Cruiser yake msimfuate. Namba ya dharura ni 9999, watoto wanaojua kusoma waikariri.

Kwenye buti kusikose katoni ya maji, chandarua cha kivuli, kofia, betri ya kuchajia simu na mfuko wa taka. Mkitaka kuona kasa wa kijani wakitaga Ras al Jinz, wekeni nafasi mapema, maana huingii bila mwongozaji na mwanga wa kamera hauruhusiwi. Na Salalah, ambako kuanzia Juni 21 hadi Septemba hunyesha manyunyu na milima kugeuka kijani kama Lushoto, iko karibu kilomita 1,000 kusini. Oman nzima na nusu ya Ghuba huelekea huko mwezi Agosti, kwa hiyo hoteli na tiketi zitafutwe mapema, Aprili ikiwezekana.