Namna ya kuchagua bunduki ya .22 ya komeo ukiwa na dola 500 tu

Shemeji yangu kazaliwa Uvira, mimi Kigoma, ziwa moja. Leo wote tuko Lexington, Kentucky, na mwaka jana akanijia na dola 500 mkononi: anataka bunduki ya kuwindia kindi. Za kuanzia tu, kasema, na nyingine hakuna. Haya ndiyo tuliyopitia. Ninaposema komeo nina maana ya ile bunduki unayoifungua na kuifunga kwa mkono kila baada ya risasi moja, kama komeo la mlango.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya duka

Shemeji alianza hivi: "Shemeji, nunua wewe kwa jina lako, hela hizi hapa." Nikakataa papo hapo. Dukani utajaza Fomu 4473, na swali mojawapo linauliza kama wewe ndiye mnunuzi hasa. Ukijibu ndiyo huku hela na bunduki ni za mwenzako, ni kosa la jinai la serikali kuu, na kwetu wahamiaji kosa kama hilo halimalizikii jela. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua. Aliyeko kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kununua wala kumiliki, ingawa kuna misamaha michache, kwa hiyo aulize mwanasheria kabla ya kuingia dukani. Nenda na kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa. Uchunguzi wa FBI wa historia yako unaweza kujibu dakika ileile, unaweza pia kukuweka siku kadhaa.

Kuwinda ni jambo jingine: Kentucky inataka leseni, na aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye awe amepita kozi ya usalama wa uwindaji. Msimu wa kindi hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, kwa hiyo kozi uimalize mapema.

Hatua ya 2: Kaliba

Kaliba ni upana wa risasi kwa inchi. Chukua .22 LR (Long Rifle). Utasikia sifa za .17 HMR, risasi nyembamba zaidi iliyotoka mwaka 2002: inakimbia kama umeme na inapiga mbali. Kweli, lakini kila risasi yake inagharimu mara kadhaa ya .22, na mtu anayejifunza anahitaji kupiga risasi nyingi. .22 LR ipo tangu mwaka 1887 na inauzwa karibu kila duka la bunduki. Tumemaliza.

Hatua ya 3: Gawa hela kabla hujaona bunduki yoyote

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanamaliza bajeti yote kwenye bunduki, kisha wanafunga juu yake darubini ya dola 25 inayohama kila ukipiga. Sisi tuligawa hivi: bunduki isizidi 280, darubini 100, pete za kuifungia 25, risasi 40. Weka na kodi ya mauzo, asilimia 6 hapa Kentucky, unabaki na chenji ya leseni.

Hatua ya 4: Mpya au kuukuu

Kwa mpya za bei hiyo, mimi husema Savage Mark II bila kumung'unya maneno. Kitako chake cha plastiki kinabonyea ukikibana, kibaya hasa, lakini mtutu unapiga vizuri, na matoleo mengi yana AccuTrigger, ile triga yenye ulimi mwembamba katikati ambayo unaweza kupunguza uzito wake mwenyewe. Ruger American Rimfire ni imara zaidi na inatumia magazini (vikasha vya risasi) za Ruger 10/22, bunduki nyingine ya kampuni hiyohiyo, zilizojaa kila mahali, ila bei yake inapanda. CZ 457 ya Ucheki ndiyo niipendayo moyoni. Shemeji aliishika, akaniangalia, nikamwambia irudishe.

Kuukuu ni nafuu na kuna nzuri sana, lakini tulia hapa, maana hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi mbili za maisha yangu.

Bunduki yangu ya kwanza niliinunua duka la rehani kwa dola 120. Kitako cha mti wa jozi, inang'aa. Uwanjani, kila risasi ya tatu au ya nne ilikuwa haiingii mpaka nisukume komeo kwa kiganja, na ikishapigwa, ganda halitoki. Nilikuwa nalichokonoa kwa ncha ya kisu. Nikalaumu risasi, nikanunua aina tatu. Nikalaumu uchafu, nikasugua mtutu hadi kitambaa kikatoka cheupe. Nikabadilisha magazini. Wapi. Jumamosi ya pili mzee mmoja wa meza ya jirani akatoa komeo langu, akachukua kijiti cha pamba cha masikio, akakizungusha taratibu kwenye mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa. Saa sita juu, pamba ikanasa. Akakizungusha tena, ikanasa palepale, nyuzi zikabaki zimening'inia.

Sababu ni hii. Baruti ya kuwashia katika .22 imo ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo pini inayoilipua hupiga pembeni, si katikati. Mtu akivuta triga mara kwa mara bila kitu ndani, katika bunduki nyingi za zamani pini inagonga ukingo wa chemba yenyewe. Chuma kinabonyea, kinatoa kijinundu kuelekea ndani. Kijinundu hicho hukioni kwa macho, lakini ganda linakiona.

Kwa hiyo ukiwa dukani, hakikisha kwanza kwa macho na kwa kidole kwamba haina risasi. Omba ruhusa utoe komeo. Nyingi hutoka ukishikilia triga huku ukivuta nyuma. Muuzaji akikataa, mshukuru na uondoke. Zungusha kijiti cha pamba kwenye mdomo wa chemba. Kikinasa, usikate tamaa moja kwa moja: fundi ana kifaa cha kukirudisha chuma mahali pake bila kukikata, na ni kazi fupi. Bei ipunguzwe kwa sababu hiyo. Ila wewe mwenyewe usiguse kwa tupa. Ukikwangua kupita kiasi ganda linakosa ukuta wa kuliegemea, na hapo umeharibu mtutu mzima.

Halafu angalia ndani ya mtutu, komeo likiwa mezani, karatasi nyeupe upande mmoja na tochi ikiimulika. Ukiona pete nyeusi kama kivuli kinachozunguka, yumkini mtutu uliwahi kupigwa ukiwa umeziba, ukavimba. Wacha. Mbele tu ya chemba unaweza kukuta mmomonyoko wa aina nyingine: mwenye nayo alipiga .22 Short nyingi sana, ambazo ni fupi, zikala chuma pale ganda la LR linapofikia. Hiyo nayo hung'ang'ania maganda.

Na namba. Bunduki za .22 za bei rahisi zilizotengenezwa kabla ya sheria ya mwaka 1968 nyingi hazikuwahi kupigwa namba, na hilo ni halali. Namba iliyokwanguliwa ni kesi. Tofauti utaiona: chuma kilichokwanguliwa kina bonde na mikwaruzo, cha asili ni laini.

Shemeji alichukua Savage mpya. Hakutaka habari za vijiti vya masikio.

Hatua ya 5: Darubini

Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya rimfire, yaani ya risasi zinazowashwa ukingoni kama .22. Paralaksi yake, yaani umbali ambao alama ya darubini haihami juu ya shabaha ukisogeza jicho, huwa imepangwa kwa yadi 50, wakati za bunduki kubwa ni 100 au zaidi, na kindi huna haja ya kumpiga mbali hivyo. Kabla ya kununua pete, angalia mgongo wa bunduki: mfereji wa milimita 11 au reli ya Weaver, ile yenye mikato ya kukingama. Pete za kimoja hazishiki kingine sawasawa, hata kama skrubu zimekaza.

Hatua ya 6: Risasi

Nunua boksi moja moja la aina nne, usinunue ndoo. Kila mtutu una kinywa chake. Piga tano tano kwa yadi 50, bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga, na pitisha risasi kumi za kila aina kabla ya kuanza kuhesabu, ili mtutu uzoee nta iliyopakwa kwenye risasi hizo. Ya shemeji ilizikataa zile za kasi, ikatapanya kama mtu anayemwaga mahindi kwa kuku. Kwa CCI Standard Velocity, futi 1,070 kwa sekunde, matundu matano yalifunikwa na sarafu ya senti 25.

Risasi hii ndogo inaweza kusafiri zaidi ya maili moja. Kindi akiwa juu ya tawi na nyuma yake ni mbingu, usipige. Subiri ashuke, shina liwe nyuma yake. Asubuhi ya kwanza tulisubiri dakika arobaini chini ya mti wa hikori, maganda ya matunda yake yanatudondokea kofiani, mpaka kindi akaondoka zake. Shemeji alinuna hadi garini.