Mota ya Vakyumu ya Zamani: Ifufue, Usikimbilie Kuisuka

Hapa Tanga, ukimpelekea fundi vakyumu isiyozunguka, jibu lake mara nyingi ni moja: "Mota imeungua, isukwe," yaani nyaya zake zizungushwe upya. Mimi sikubaliani na jibu hilo. Hizi Hoover na Electrolux za zamani zilizobaki kwenye nyumba za Raskazone, na zile zinazofyonza mazulia ya misikiti huku Ngamiani, zilitengenezwa ili zifunguliwe zikarabatiwe. Kinachozilaza ni kaboni (vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zilizoisha, beringi zilizokauka, vumbi na hii hewa yetu ya chumvi. Yote hayo yanatibika mezani bila kugusa koili, yaani mizingo ya waya, hata moja.

Kwanza soma kibao cha maelezo kwenye bodi. Kikisema volti 220, 230 au 240, umeme wa TANESCO unaiendesha. Kikisema 115 au 120, mashine hiyo ni ya Marekani, huenda imekuja kwenye kontena la mitumba, na ukiichomeka moja kwa moja utaiua siku hiyohiyo. Itafutie transfoma yenye nguvu inayozidi wati za mashine; kwa mashine ya wati 500 mimi huchukua ya wati 1,000. Suala la hezi 60 na 50 lisikusumbue, maana mota ya vakyumu hizi ni ya kaboni na komyuteta (duara la vipande vya shaba ambapo kaboni husugua), na hata umeme wa betri ungeizungusha.

Kabla ya kuchomeka popote, weka mita ya mkono, ikiwa kwenye omu, kwenye pini mbili za umeme za plagi huku swichi ya mashine imewashwa. Ikisoma omu chache au makumi machache, njia ya umeme ni nzima. Isiposoma kitu, anza kukagua waya, swichi na kaboni kabla hujailaumu koili. Waya hukatika ndani pale unapoingilia kwenye bodi, mahali unapokunjwa kila siku, na kwa nje huoni lolote. Kisha pima kati ya kila moja ya pini hizo mbili na bodi ya chuma: hapo pasisome kitu.

Mashine iliyokaa stoo masika mazima huwa imenyonya unyevu. Fungua mota uianike juani mchana kutwa, au ifunike kwa boksi pamoja na balbu ya wati 60 inayowaka, mbali na karatasi na nguo. Ndipo upime kwa mega (mita ya kupimia kinga ya umeme) ya volti 500. Chini ya megaomu 1 usiipe umeme. Rudisha ikauke tena.

Unapofungua, piga picha kila hatua na weka alama ya rangi pale vifuniko viwili vinapokutana. Nati ya feni kwenye baadhi ya mashine hufunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume na nati za kawaida, kwa hiyo ikigoma usiilazimishe, jaribu upande wa pili kwanza. Shika shafti, usishike mapanga ya feni. Panga likipinda kidogo tu, mota nzima itatetemeka na beringi mpya hazitamaliza mwezi. Kwenye Hoover Junior, zile za kusimama, uchafu hupita kwenye feni kabla ya kufika mfukoni, kwa hiyo kagua kama kuna panga lililopigwa na msumari au kokoto.

Vumbi litoe kwa brashi laini na upepo. Koili usizioshe kwa petroli wala thina, vanishi itatoka.

Sasa tufike kwenye kaboni, na hapa nakuomba utulie. Zitoe moja moja na uweke alama ilikokaa na upande uliotazama juu, kwa sababu kila moja imeshajichonga kufuata duara la komyuteta. Ikiwa imebaki chini ya theluthi ya urefu wake wa mwanzo, badilisha zote mbili. Mpya iteleze ndani ya nyumba yake bila kubana na bila kucheza. Usichukue kaboni ya drili kwa sababu tu inaingia: ugumu wake ni mwingine na inaweza kuikwangua shaba. Ukikosa saizi kamili, tafuta ya vakyumu iliyo kubwa kidogo, uipunguze kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo. Halafu funga ukanda wa msasa kwenye komyuteta, uso wenye makali ukiitazama kaboni, zungusha kwa mkono taratibu mpaka ncha ichukue duara. Puliza unga wote utoke.

Komyuteta yenyewe ikiwa na rangi ya kahawia iliyolingana, iache, hiyo ni afya. Ikiwa nyeusi yenye makovu, izungushe ukiisugua kwa msasa laini wa kawaida. Usitumie kitambaa cheusi cha kusugulia chuma, maana chembe zake zinaweza kupitisha umeme. Kati ya vipande vya shaba kuna maika, kinga isiyopitisha umeme. Lazima iwe chini kidogo ya shaba. Ikilingana nayo, kaboni inarukaruka na cheche zinazidi. Mimi huikwangua kwa kipande cha jino la msumeno wa chuma nilichokinoa, mfereji kwa mfereji, kisha nasafisha kingo.

Jua kuzisoma cheche. Vicheche vidogo vya bluu chini ya kaboni ni kawaida. Moto unaozunguka komyuteta yote ni dalili ya koili iliyokatika au iliyogusana. Shaaban moja, wakati misikiti inasafisha mazulia kuipokea Ramadhani, nililetewa mashine ya namna hiyo. Vipande viwili vya shaba vilivyopakana vilikuwa vimeungua, vingine vyote safi. Nikapima kipande na jirani yake, kuzunguka duara lote: usomaji ulikuwa uleule isipokuwa pale pawili. Waya mmoja ulikuwa umeachia kwenye mguu wa shaba. Niliurudisha kwa lehemu, nikapaka vanishi, mashine ikarudi msikitini. Fundi aliyeiona kabla yangu alikuwa ameshataja bei ya kuisuka yote.

Beringi zitoe kwa pula (kifaa cha kuzivuta), usizipige nyundo. Pima kwa kalipa: nyingi ni namba 608, yaani tundu milimita 8, nje 22, unene 7. Nunua zilizofunikwa pande zote mbili, na unapoiingiza kwenye shafti sukuma pete ya ndani tu. Ukisukuma ya nje, gololi zinaacha alama kwenye njia yake na kelele itaanza siku ya kwanza. Mashine yenye bushi za shaba itie matone machache ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yananata, yaache jikoni.

Kuhusu kuboresha, watu hunijia wakitaka mota ya wati 1,400 iingizwe kwenye bodi ya mwaka 1960. Nawakatalia. Mota hiyo inavuta ampea 6 hivi, waya wa zamani ulikuwa wa mzigo mdogo, na hewa inayopita kwenye mpira mwembamba wa kufyonzea haitoshi kuipoza. Wati si mvuto. Ulaya wenyewe waliweka kikomo cha wati 1,600 mwaka 2014, wakakishusha hadi 900 mwaka 2017, na vakyumu zao bado zinavuta.

Pesa yako iweke kwingine. Badilisha waya wa mpira uliopasuka, weka wa milimita mraba 0.75 au 1. Bodi ikiwa ya chuma na haina alama ya mraba ndani ya mraba (alama ya kinga mbili), weka waya wa nyaya tatu, ule wa kijani na njano ubanwe kwa bolti kwenye bodi. Ndani ya plagi ya pini tatu weka fyuzi ya ampea 5, si 13. Kepasita ya zamani ya karatasi, hasa ile yenye ganda la njano linaloonyesha ndani, ing'oe hata kama inafanya kazi, maana ganda hupasuka, unyevu unaingia, na siku moja inajaza nyumba moshi. Weka ya X2 (aina ya usalama kwa umeme wa nyumbani) ya volti 275 yenye thamani ileile. Mwisho, weka chujio mbele ya mota. Kwenye mashine nyingi hewa inayofyonzwa ndiyo inayoipoza mota, na mchanga wetu wa pwani ni mwembamba, unapenya mfuko wa kitambaa.

Kuwasha mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya waya ya wati 100 iliyofungwa sirisi (foleni moja na mota), si ya LED. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na mota imesimama, kuna shoti, zima. Ikizunguka polepole, iache nusu saa kaboni zikae. Usiipe umeme kamili bila feni, mota za aina hii zisipokuwa na mzigo hupandisha kasi mpaka ile sehemu inayozunguka, iitwayo ama, inapasuka. Rudisha feni na vifuniko, chomeka moja kwa moja, iache dakika kumi, kisha zima, chomoa na uguse nyumba ya beringi kwa kiganja. Ikiwa moto kiasi huwezi kuacha mkono, fungua tena: beringi imekaa upande.