Jinsi ya kutubu kwelikweli kabla hukumu haijatukuta

Wapendwa wa Dar, kila Jumapili tunaitwa mbele, tunafuatisha sala ya toba nyuma ya mchungaji, tunalia mpaka leso zinalowa, alafu Jumatatu asubuhi mtu yuko Kariakoo na mizani ileile aliyoichezea. Mi naona tatizo ni kwamba tunatubu kwa jumla wakati hukumu inakuja kwa moja moja. Warumi 14:12 inasema kila mtu atatoa habari zake mwenyewe mbele za Mungu, zako wewe, sio za mumeo wala za mchungaji wako.

Kwahiyo anza na daftari. Zima data, kaa peke yako, andika dhambi kwa jina lake. Usiandike "nisamehe makosa yangu yote", andika "nilikula 80,000 ya kikoba nikawadanganya kina mama kwamba nimeibiwa kwenye mwendokasi". Inauma kuiandika hivyo, najua, ila ndo yenyewe. Soma na Zaburi ya 51 taratibu, uone Daudi hamtupii lawama mtu mwingine yeyote.

Alafu ungama kwa Mungu. Mkatoliki nenda kitubio kwa padri, wengine pigeni magoti hapohapo chumbani, ahadi ya 1 Yohana 1:9 ni kwamba yeye ni mwaminifu, atasamehe. Hapa usijichape siku nzima. Yuda alijuta na vipande 30 vya fedha akavirudisha, lakini hakumrudia Yesu, Petro akalia kwa uchungu na akarudi. Na mtu akikwambia toa sadaka fulani ndo hukumu ifutwe, mkimbie, msamaha hauuzwi.

Sasa kuna sehemu wengi tunairuka, kurudisha. Zakayo hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani, alisema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Na watoza ushuru walipomuuliza Yohana Mbatizaji tufanye nini, hakuwaambia waache kazi, aliwaambia wasitoze zaidi ya walichopangiwa. We wa mizani usifunge duka basi, ipeleke kwa Wakala wa Vipimo ihakikiwe na uanze kupima haki. Kama uliyemdhulumu kashafariki tafuta ndugu zake, sheria ya Hesabu 5 inataka urudishe yote na kuongeza sehemu ya tano, kwa hiyo 80,000 inakuwa 96,000. Huna zote? Anza na elfu kumi kila mwisho wa mwezi, ila sema ukweli kwamba unalipa kidogokidogo.

Kama kosa ni la kumpiga au kumuumiza mtu na bado anakuogopa, usimvamie kwake eti umeokoka, pitia kwa mzee wa kanisa na umwache yeye aamue kama anataka kukuona.

Usisubiri mkesha wa mwaka mpya. Wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wabaya kuliko wengine, Yesu mwenyewe alisema hivyo, na palepale akaonya kwamba msipotubu mtaangamia vivyo hivyo. Hela ya kikoba usiitume kimyakimya, mpigie mwekahazina leo, mwambie dada sikuibiwa, niliila. Akikasirika akakutangaza kwenye grupu la WhatsApp usijitetee, mwache amalize, alafu muulize hela uitume kwa namba ipi.